Aliyekiri Deni la Clementina

Yule dada wa kampuni ya kudai madeni alimwuliza Clementina kama amepatwa na mafua, maana asubuhi alipopiga simu sauti yake ilikuwa nyororo na sasa inakwaruza.

Clementina alimjibu kwamba asubuhi hakupiga simu yoyote. Asubuhi alikuwa kazini Etobicoke, kwenye meza ya mapokezi ya kliniki ya meno, akiwapangia watu miadi. Yule dada, aliyejitambulisha kwa jina la Laiba, akabofya kompyuta yake, kisha akasema kwa upole wa watu wanaolipwa kuwa wapole kwamba rekodi iko wazi. Clementina amepiga, ametaja tarehe yake ya kuzaliwa, ameomba pingamizi lake lifutwe, na amekiri kuwa deni ni lake.

Pingamizi lenyewe lilihusu kodi ya nyumba. Binti yake Wema, aliyemwacha Bukoba kwa bibi yake angali anajifunza kuhesabu, alikuwa amepata karatasi za kuja Kanada, na tiketi ilishakatwa. Chumba alichopanga Clementina kilikuwa Mount Dennis, kwenye besimenti, chini ya nyumba ya mzee mmoja aitwaye Patrick, na Patrick alishasema kwamba mtoto hamtaki. Ikapatikana fleti ya vyumba viwili Etobicoke, shule iko jirani. Clementina akaomba, akasubiri, akakataliwa. Kwenye ripoti yake ya mikopo, ambayo wenye nyumba wa huko huiangalia kwanza, kulikuwa na deni la fleti ya zamani kule Weston, na miezi yote iliyodaiwa ilikuwa ya baada ya yeye kuhama. Meneja alimwambia akilisafisha jina lake kabla ya mwezi kwisha, fleti ni yake. Asipolisafisha, wapo wengine kwenye foleni.

Sasa, Clementina hakuwa mtu wa kuonewa akanyamaza. Kwao walikuwa wakisema mtoto huyu angegombana hata na mvua. Aliandika pingamizi la pili, akaambatanisha risiti ya gari lililomhamisha. Likafutwa, kwa ombi lake mwenyewe, walimwambia. Akaandika la tatu. Wenzake kanisani walimshauri alipe yaishe, kwani dawa ya deni ni kulipa. Akawauliza tangu lini mtu akanywa dawa ya mgonjwa mwingine.

Lakini mambo mengine hayakuandikika kwenye pingamizi. Chumba chake kilianza kunuka udi, naye hakuwahi kumiliki chetezo maisha yake yote. Siku moja alirudi kutoka kazini akakuta viatu vyake vya akiba vimelowa, soli zimejaa matope meusi ya mtoni, ilhali wiki nzima ardhi ilikuwa imeganda kavu. Kisha Patrick akamsimamisha mlangoni kumwuliza mchana alikuwa akizungumza na nani huko chini. Alimsikia, alisema, akiongea taratibu kwa muda mrefu, kwa lugha ya kwao, na kila mara anacheka kidogo. Clementina hakumwambia kwamba mchana ule hakuwepo. Alishuka ngazi, akawasha taa zote, akakaa kitandani na koti lake mwilini.

Alhamisi, kabla hajatoka kwenda kazini, Wema akampigia.

"Mama, ule mto huwa unaganda?"

"Mto gani?"

"Ule wa kwenye dirisha langu. Si ulinieleza jana. Ukasema nikifika nisikusubiri uwanja wa ndege, nipande treni, nishuke kituo kinaitwa Weston, utanikuta umesimama."

Clementina alikaa kwenye ngazi za besimenti, simu sikioni, kwa sababu jana hakuzungumza na mwanawe kabisa, jana alilala mapema na kichwa kikimgonga, na sasa mtoto alikuwa akiendelea kumsimulia kwa furaha jinsi mama alivyoahidi kumtandikia kitanda, na jinsi alivyomwimbia mpaka salio likaisha, na jinsi bibi aliyekuwa akisikiliza pembeni alivyosema loo, Kanada imemlainisha binti yangu, siku hizi anazungumza kama watu wa pwani.

Alimwambia Wema kwamba aliyempigia jana si mama yake.

"Alikuwa na sauti yako," Wema alisema.

Hofu haikumtoka Clementina mpaka basi lilipofika kituo cha pili. Hapo ikageuka hasira, tena hasira kubwa, ile inayompa mtu nguvu za kutembea. Kumchafulia jina kwenye makaratasi ni jambo moja. Kumwimbia mwanawe ni jambo lingine kabisa.

Kwenye kliniki alifanya kazi na Bi Noorbanu, mama wa Kikhoja kutoka Tanga, ambaye kazi yake ilikuwa kugombana na kampuni za bima kwa simu zinapokataa kulipia meno ya watu. Wote walimwogopa, hata daktari. Saa ya chakula Clementina alimfuata kwenye kijichumba chake, akafunga mlango, akamweleza yote. Bi Noorbanu aliendelea kula chevdo mpaka aliposikia habari za udi. Hapo akaweka kijiko chini.

"Ile fleti ulipotoka, ulimwachia nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Clementina alimweleza. Mkataba ulikuwa bado na miezi, mwenye nyumba hakutaka kumwachilia, na yeye alitaka chumba cha bei ndogo ili aweke akiba ya kumleta mtoto. Kwenye chumba cha mashine za kufulia alikuwa akikutana na mwanamke mmoja, mpole, Kiswahili chake kitamu, ambaye kila siku alikuwepo na hata siku moja hakuwa na nguo za kufua. Alisema hana karatasi, hana pa kukaa, watu aliokuja nao wamekufa au wametawanyika. Jina lake, kila alipoulizwa, alisema mwite upendavyo. Clementina alimwonea huruma. Alifanya waliyofanya wengi wao tangu zamani, kwani mji huu umejaa watu walioanza maisha kwa jina la mwenzao. Alimpa ufunguo. Alimwambia: dada, kaa, wewe tumia jina langu, hakuna atakayekuuliza.

Bi Noorbanu akasogeza bakuli lake la chevdo pembeni.

"Mwanangu, binadamu ukimwazima jina atalitumia, akipata lake atakurudishia. Yule hakuwa na la kurudia. Hao majini huja na watu. Kuna familia ilimbeba kutoka kwetu pwani, ikamlisha ubani na marashi, wakubwa wakafa, watoto wakawa Wazungu, akabaki. Na huku hana mti, hana pango, kila mlango una mwenyewe. Wewe ukampa mlango na jina pamoja."

"Nilimwazima. Sikumpa."

"Ulimwambia mpaka lini?"

Hilo Clementina hakumwambia.

Bi Noorbanu alisema alipokuwa msichana Tanga alikuwa akichungulia dirishani, baba yake akiwa dukani, kuwaona wanawake wa jirani wakipunga pepo. Jambo moja alilishika. Ngoma, mafusho, mbuzi, yote ni mapambo. Kinachomtoa ni kuulizwa jina. Anaulizwa, anadanganya, anaulizwa tena, na mara ya tatu lazima aseme la kwake, na akishalisema hawezi tena kuvaa la mtu. Lakini anayeuliza asiwe na hofu hata chembe. Akiwa na hofu, jini anamcheka, na anabaki.

"Basi uliza wewe," Clementina alisema.

"Mimi? Kampuni za bima naziweza tangu wewe hujavunja ungo. Hao siwawezi. Hao nawaogopa."

Clementina alifikiri ni nani anayemjua asiyeogopa kitu. Padri wao alikuwa mwoga wa mbwa. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, akasema yuko mmoja, tena kazi yake ni kuuliza watu majina kutwa nzima.

Walikwenda Weston Jumamosi saa sita mchana, jua linawaka juu ya theluji kiasi cha kuumiza macho. Bi Noorbanu alikuwa ameapa kwamba atabaki garini, kisha akashuka. Mlangoni walimkuta Asad, msimamizi wa jengo. Alimtazama Clementina akakunja uso, akamwuliza ametokaje nje, maana dakika hii hii amepishana naye kwenye ngazi akipanda.

Bi Noorbanu alimweleza kwamba kuna pingamizi la deni na mama huyu ana haki ya kuiona fleti. Kama haki hiyo ipo au haipo, Asad hakujua, na kwa namna alivyoelezwa hakuthubutu kuuliza. Alisema tu kwamba fleti ni tupu, wapangaji waliofuata walihama mmoja baada ya mwingine wakilalamika harufu, na mwenye jengo anangoja kuikarabati. Wakapanda. Kwenye korido ya ghorofa ile udi ulinuka mpaka kwenye mazulia. Treni ya uwanja wa ndege ikapita kule chini, na mlango wa fleti, uliokuwa umefungwa kwa funguo mbili, ukacheza taratibu kwenye bawaba zake baada ya treni kuwa imeshapita.

Asad alifungua, akarudi nyuma. Alikuwa ameona kitanda.

Sebule ilikuwa tupu isipokuwa kitanda hicho kidogo kando ya dirisha la mtoni, kimetandikwa shuka safi, blanketi limekunjwa pembe moja, tayari kwa mtu kuingia, na chini yake jozi ya viatu vya theluji vya mtoto, vipya, saizi ya Wema. Na katika mwanga ule wa mchana, mwanga mkali usioacha kona ya kujificha, palikuwa na mwanamke amesimama kwenye mlango wa jikoni, na alikuwa na uso wa Clementina, kovu dogo la kidevuni likiwemo, na koti ambalo Clementina alilitoa sadaka miaka iliyopita, na matope meusi yakimtiririka vidoleni yakianguka sakafuni bila kutoa sauti, na alipotabasamu Clementina alihisi midomo yake mwenyewe ikivutwa, ikitaka kutabasamu pamoja naye.

Aliubana mdomo wake kwa mkono. Nyuma yake Bi Noorbanu alikuwa akisoma salawati kwa kunong'ona.

"Karibu, mwenzangu," yule mwanamke alisema. "Sauti ya chini tafadhali. Kuta hizi nyembamba."

"Nimekuja kuchukua jina langu."

"Ulinipa kwa mdomo wako. Sikuiba."

"Nilikuazima."

"Hukusema mpaka lini. Nimelitunza. Nimelikalia nyumba, nimelikiria deni lake. Deni ni langu, basi na jina ni langu. Na mtoto nitamlea. Si wewe uliyemwacha?"

Lile lilimwingia Clementina, tena kwa kina. Lilikuwa neno ambalo yeye mwenyewe alijiambia kila usiku wa miaka yote ile. Alihisi machozi yakipanda. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye hakuja Weston kulia mbele ya kiumbe kinachovuja matope.

"Nilimwacha ili nimlete," alisema. "Na nimemleta. Wewe humjui."

Akatoa simu. Laiba alishampa namba yake ya moja kwa moja, na wadai madeni hawana Jumamosi. Akaweka spika, akainua simu juu. Iliita, ikapokelewa, na Laiba akasema maneno yake yale yale ya kila siku, kwamba simu inarekodiwa, na kwamba tafadhali mpigaji ataje jina lake kamili.

"Clementina Kokugonza Rutashobya," zilijibu sauti mbili kwa pamoja.

Laiba alisikika akitafuna kitu, akameza.

"Nasikia watu wawili," alisema. "Kwa usalama wa faili, kila mmoja ajitambulishe peke yake. Aliyeshika simu aanze."

Clementina alijitambulisha. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili, anwani ya Mount Dennis. Akaongeza kwamba mwenzake aliye naye chumbani ndiye aliyeishi Weston, na ndiye anayepiga simu kufuta mapingamizi.

"Sawa. Mama wa pili. Jina lako?"

"Clementina."

"Huyo ninaye tayari. Nataka jina lako wewe."

Mabomba ya joto yakaanza kugonga ukutani, kwanza chumbani mle, kisha vyumba vya juu, kisha jengo zima. Kule mlangoni Asad alikaa sakafuni. Yule mwanamke alikuwa akiitazama simu, na tabasamu lake lilikuwa limebaki mdomoni bila kufika machoni.

"Clementina," alisema tena, polepole.

"Mama, mimi nipo kazini," Laiba alisema, bila hasira na bila hofu, kwa uchovu tu wa mtu ambaye tangu asubuhi amedanganywa na watu wengi. "Naweza kusubiri mpaka jioni. Jina lako ni nani?"

Na jina likatoka. Lilikuwa refu, na Clementina hakuweza baadaye kulikumbuka hata silabi moja, ila alikumbuka kwamba lilivyokuwa likitoka ndivyo uso wake mwenyewe ulivyokuwa ukimtoka yule mwanamke, kovu kwanza, kisha kidevu, kisha macho, na chini ya uso ule hapakuwa na uso mwingine wa kutisha kama alivyotarajia, palikuwa na giza lililochoka tu, la kale sana, na mabomba yakagonga na dirisha likapasuka toka kona hadi kona na sauti ile ikaendelea kulitaja jina mpaka ikalimaliza.

"Rudia taratibu, naandika," Laiba alisema.

Likarudiwa, safari hii kwa kunong'ona.

"Ni wewe uliyekaa kwenye fleti hiyo baada ya mpangaji kuhama?"

"Ni mimi."

"Na ni wewe uliyepiga simu kukiri deni?"

"Ni mimi."

"Anwani yako ya sasa?"

Giza lile likajikunja kwenye mlango wa jikoni.

"Sina," lilisema. "Sina kwetu."

Clementina alimwonea huruma. Hilo alilikiri kwa Bi Noorbanu baadaye, naye akamfokea kwamba huruma ndiyo iliyomponza tangu mwanzo. Alimwonea huruma kweli, kwa kuwa alijua maana ya kusema neno lile katika mji huu. Lakini hakurudi nyuma.

"Pole," alisema. "Jina langu nalichukua. Na mwanangu usimpigie tena."

Udi ukakatika ghafla. Jikoni palibaki matope kidogo kwenye vigae. Viatu vile vipya vilikuwa bado chini ya kitanda, na Clementina hakuvigusa, ingawa vilikuwa vizuri na vingemtosha Wema.

Laiba aliwaambia kwamba kutumia jina la mtu mwingine ni suala zito, kwamba mazungumzo yamerekodiwa, na kwamba atayapeleka kwa mkubwa wake. Akawatakia wikiendi njema. Haukupita muda deni likafutwa kwenye ripoti, na meneja wa Etobicoke akapiga simu mwenyewe kusema funguo ziko tayari. Bi Noorbanu alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Alisema kampuni ile sasa ina jina jipya la kudai, tena la kweli, na yeye anawajua watu wale, hawamwachi mtu. Wallahi, alisema, anamwonea huruma jini.

Siku Wema alipofika, Clementina alikuwa uwanja wa ndege mapema mno, na koti la mtoto mkononi. Watu walitoka na mikokoteni yao, wakakumbatiwa, wakaondoka. Hatimaye akamwona. Alikuwa mrefu kuliko kwenye video, amesuka nywele kwa ajili ya safari, anavuta begi lenye gurudumu bovu. Clementina akafungua mikono.

Wema alisimama mbali naye. Alimtazama viatu, kisha mikono, kisha uso.

"Babu aliniita nani?" aliuliza.

"Kemilembe," Clementina alisema.

"Yule mwingine naye alilijua."

Iliuma. Wiki zote zile aliulizwa na watu wa maofisini yeye ni nani, na hakuna swali lililomkata kama hili la mtoto aliyemzaa. Wapokeaji wengine walianza kuwatazama. Clementina alishusha mikono yake, akaliweka koti begani, akasimama vizuri mbele ya binti yake.

"Uliza lingine," alisema. "Uliza mpaka utosheke. Mimi siendi popote."

Wema alifikiri. Kisha akalilaza begi chini, akalikalia, akaanza kuuliza.